Mtoto Haonekani Kwenye Mfumo: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumsajili Upya

Kila Januari simu yangu huanza kuita kabla ya saa moja asubuhi. Shule zimefunguliwa, wazazi wamejaa ofisini na stakabadhi za benki mkononi, na mwalimu wa taaluma ana foleni mbele yake. "Fundi, mfumo wenu umemmeza mtoto. Nimemtafuta simwoni. Nimsajili upya?"

Jibu langu halijabadilika tangu nianze kuhudumia programu za taarifa za wanafunzi: hapana, mwalimu, usimsajili upya. Ukimsajili upya, mtoto mmoja anakuwa wawili. Yule wa zamani ana alama za miaka mitatu, rekodi ya ada na namba ya simu ya mama yake. Huyu mpya ana jina tu. Kuanzia hapo kila anayemtafuta atampata nusu. Ripoti itatoka bila mihula ya nyuma, mhasibu atamdai ada aliyokwisha kulipa, na ukifika wakati wa usajili wa mtihani wa taifa watu wataulizana yupi ndiye yeye.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye kioo cha kompyuta au unacholalamikiwa na mzazi. Majina ya vitufe hutofautiana kutoka programu moja hadi nyingine, kwa hiyo naeleza kitu chenyewe. Na kabla ya kugusa chochote, toa bakapu, yaani nakala ya akiba ya taarifa zote, uihifadhi nje ya kompyuta hiyo, kisha upige picha kioo kikiwa vilevile kilivyo. Ukishaanza kurekebisha, dalili hupotea, na dalili ikipotea chanzo hakionekani tena.

Unamtafuta mtoto humpati

Anza na mwaka wa masomo na mkondo. Programu nyingi hufunguka zikiwa zimeshachagua mwaka fulani na darasa fulani, na mtumiaji hasomi kile kimstari kidogo juu kinachosema hivyo. Mtoto aliyekuwa Kidato cha Pili B mwaka jana hayumo tena humo, na kama hakupandishwa darasa, Kidato cha Tatu nako hayumo. Ondoa vichujio vyote, utafute shule nzima, pamoja na waliohama na waliomaliza. Mara nyingi utamkuta ametulia kwenye orodha ya waliohama, kwa sababu kuna mtu aliyebofya mstari wa juu yake kwa makosa.

Kama bado haonekani, tatizo ni jina, na hapa nitakaa kidogo.

Majina yetu huandikwa kwa namna nyingi. Khadija na Hadija, Ramadhani na Ramadhan, Mohamed, Mohammed na Muhammad, Elizabeth na Elisabeth. Kompyuta haijui kwamba hao ni mtu mmoja. Tafuta kwa jina la babu au la ukoo, au kwa herufi tatu nne za katikati ya jina ambazo hazina ubishi. Angalia pia nafasi tupu: jina lililonakiliwa kutoka faili la Excel huweza kuja na nafasi mwishoni, au nafasi mbili kati ya jina la kwanza na la pili. Jicho halizioni, kompyuta inazihesabu kama herufi.

Halafu kuna ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng'. Shule zinazosomesha watoto wenye majina ya Kisukuma zinalijua tatizo hili kuliko mtu yeyote. Ng'wandu anaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi, au kwa ile iliyopinda ambayo programu za uandishi na baadhi ya simu huiweka zenyewe, au kwa alama ile ya kona ya juu kushoto ya kibodi. Kwa msomaji zote ni ng'. Kwa kompyuta ni herufi tatu tofauti, na kwa hiyo ni watoto watatu tofauti. Kwenye programu zilizotengenezwa bila uangalifu hali ni mbaya zaidi: ukihifadhi jina lenye ritifaa inagoma kabisa, kwa sababu alama hiyohiyo ndiyo inayofunga maandishi katika lugha ya kanzidata. Mwalimu aliyechoka anaiondoa na kuandika Ngwandu, kazi inaendelea, na tangu siku hiyo jina la mtoto halilingani na cheti chake cha kuzaliwa.

Ukikutana na hali hii, tafuta "wandu" peke yake utawapata wote. Kisha rudisha jina kama lilivyo kwenye cheti, kwa ritifaa iliyonyooka, na umwambie mtoa huduma wako afanye ritifaa zote zisomeke kama moja wakati wa kutafuta. Usione haya kulidai hilo. Kampuni inayouza programu katika nchi yenye ng'ombe, ng'ambo na kina Ng'wandu, na bado inakwama kwenye ritifaa, haijamaliza kazi yake.

Sababu ya mwisho ni ruhusa. Mwalimu wa darasa moja huenda haruhusiwi kuona darasa la mwenzake. Mwombe mwenye akaunti ya juu amtafute mtoto huyohuyo kabla ya kusema amepotea.

Mtoto mmoja anaonekana mara mbili

Hii ni matunda ya dalili ya kwanza kushughulikiwa kwa haraka. Linganisha rekodi hizo mbili kwa vitu ambavyo havibadiliki na mwandiko wa mtu: tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, na kama ipo, namba ya PReM, ile inayotolewa na mfumo wa Baraza la Mitihani na kumfuata mtoto hata akihama shule. Zikilingana, acha rekodi ya zamani iwe ndiyo kuu, hamishia kwake alama na malipo ya ile mpya, kisha ile mpya uizime. Usiifute. Rekodi iliyozimwa inaweza kuamshwa ukigundua umekosea; iliyofutwa huenda na kila kilichofungwa nayo.

Na tafadhali, kabla ya kuunganisha, jiulize kama hao si mapacha. Kulwa na Doto wana tarehe moja ya kuzaliwa, mzazi mmoja, simu moja, majina mawili ya mwisho yaleyale, na aghalabu darasa moja. Nimewahi kuitwa shuleni ambako mtu mwenye nia njema aliwaunganisha mapacha akiamini anasafisha orodha. Alama za wote wawili zilikaa kwenye rekodi moja, na kazi ya kuzitenganisha ilitulazimu kurudi kwenye karatasi za mitihani moja moja. Namba ya PReM ndiyo inayowatofautisha kwa uhakika, kila mmoja ana yake.

Tarehe za kuzaliwa si zenyewe

Zina namna mbili za kuharibika, na kila moja ina alama yake.

Namna ya kwanza: siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Mtoto wa tarehe 3 Aprili 2015 amekuwa wa tarehe 4 Machi 2015. Chanzo ni kompyuta iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Alama yake ni kwamba waliozaliwa kuanzia tarehe 13 hadi 31 hawakugeuzwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Badala yake programu imewakataa, au kwenye Excel tarehe zao zimeegemea kushoto kama maneno wakati nyingine zimeegemea kulia kama namba. Ukiona safu ya tarehe imegawanyika hivyo, simama. Usirekebishe moja moja. Rekebisha mpangilio wa kompyuta, kisha urudi kwenye karatasi za usajili na kuingiza safu nzima upya.

Namna ya pili: watoto wote wamerudi nyuma siku moja. Wa tarehe 1 Januari 2016 anasomeka 31 Desemba 2015, na ukifungua rekodi yake na kuihifadhi tena anarudi siku nyingine. Hapa mwalimu hana kosa lolote. Programu imehifadhi tarehe ya kuzaliwa kana kwamba ni saa, yaani usiku wa manane wa Afrika Mashariki, na seva inayofuata saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3, ikaiandika kama jana yake saa 3 usiku. Kosa hili ni letu watengenezaji. Piga simu, na mpaka lirekebishwe usifungue rekodi za watoto na kuzihifadhi bila sababu, maana kila kuhifadhi kunaongeza siku ya kurudi.

Linaonekana dogo, lakini tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayosomwa kila mtoto anapohama, anapodai cheti, anapoomba kitambulisho. Siku moja ikihitilafiana na cheti cha kuzaliwa cha RITA, mzazi atatembea ofisi nyingi kwa kosa asilolifanya.

Namba za simu na za NIDA zimeharibika

Hapa mkosaji ni Excel, au tuseme ni sisi tunaoitumia kama daftari. Excel ikiona tarakimu tupu huzifanya kiasi cha kuhesabu. Sifuri ya mwanzo wa namba ya simu haina maana kwenye hesabu, kwa hiyo inaondolewa: tarakimu 10 zinabaki 9. Hilo linarekebishika kwa kurudishia sifuri au kuweka 255 mbele.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, haina dawa. Ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 za mwanzo tu. 5 za mwisho zinageuzwa kuwa sifuri, na kwenye seli unaona kitu kama 1.98E+19. Ukipanua safu namba itajitokeza ndefu na nzuri, ikiishia na 00000. Zile tarakimu 5 zimekwenda na hakuna ufundi wa kuzirudisha, ila kumuuliza mzazi tena. Kwa hiyo kinga ndiyo matibabu: kabla ya kuandika, badili safu isomeke kama maandishi, au andika NIDA pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kitambulisho. Vistari hivyo huilazimisha Excel kuichukua kama maneno.

Ujumbe hauwafikii wazazi, au salio la SMS linaisha haraka

Kama ujumbe haumfikii mzazi mmoja, kagua namba yake kwa tarakimu. Kama hauwafikii wote wa mtandao mmoja wa simu, hilo ni la mtoa huduma wa SMS na jina la mtumaji lililosajiliwa; mpigie. Kama umefika kwa mtu asiyehusika, hili ni zito. Mzazi akiacha laini, baada ya muda kampuni ya simu huweza kuitoa kwa mtu mwingine, naye akawa anapokea matokeo na madeni ya ada ya mtoto asiyemjua. Thibitisheni namba za wazazi kila muhula wa kwanza, ana kwa ana, siku wanapokuja kuleta watoto.

Sasa salio. Shule moja ililalamika kwamba tunawaibia: wamewatumia wazazi 400 ujumbe mmoja, zimekatwa SMS 1,200. Ujumbe wenyewe ulikuwa na herufi 150, chini ya kikomo cha 160 tunachokijua wote. Nikausoma. Katikati paliandikwa "ng’ambo ya barabara", kwa ritifaa iliyopinda, kwa sababu mwalimu aliuandika kwenye Word kisha akaunakili.

SMS ya kawaida hubeba herufi 160 kwa kutumia orodha fupi ya herufi ambamo ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ukiingiza herufi moja tu iliyo nje ya orodha, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mpana ambao kikomo chake ni herufi 70, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67. Herufi 150 zikawa vipande vitatu. Ritifaa moja, gharama mara tatu. Alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu na vile vijipicha vya kutabasamu vinafanya vivyo hivyo. Andika ujumbe moja kwa moja ndani ya programu ya shule, na uangalie kihesabu cha vipande kabla ya kutuma.

Mahudhurio yanaonyesha watoto wamefika usiku

Mwalimu wa zamu anaandika mtoto amefika saa 1:30. Sisi sote tunajua ni asubuhi. Programu inasoma 01:30, yaani saa 7:30 ya usiku wa manane, na mwisho wa mwezi ripoti inasema darasa zima huwahi kupita kiasi, au inakataa kabisa kuhesabu waliochelewa. Chagueni mtindo mmoja wa saa na kuubandika ukutani karibu na kompyuta ya mapokezi: mtoto wa saa 1:30 asubuhi anaandikwa 07:30. Nimekuwa nikiomba programu yetu ionyeshe "asubuhi, mchana, jioni, usiku" pembeni ya saa, na pale ilipowekwa kosa hili lilikoma.

Kama tarehe nayo imerudi miaka kadhaa nyuma, na kivinjari kinasema tovuti ya shule si salama, angalia saa ya kompyuta kabla ya kulaumu intaneti. Kibetri kidogo cha duara kilichomo ndani, aina ya CR2032, kimekwisha. Kila umeme unapokatika kompyuta inasahau leo ni lini, na cheti cha usalama cha tovuti kinaonekana kana kwamba muda wake haujaanza. Kibetri kinauzwa maduka ya saa na ya vifaa vya kompyuta, na kukibadili ni kazi ya dakika chache. Lakini rejista zilizojazwa wakati kompyuta imepotea tarehe zitafuteni kwenye mwaka ule wa uongo. Zipo, hazijafutika.

Wastani na madaraja hayakubaliki

Hapa ndipo machozi yalipo, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Tofautisha sifuri na nafasi tupu. Mtoto amefanya masomo 7, jumla alama 455, wastani 65, daraja B. Somo la nane, Jiografia, hakufanya kwa sababu alilazwa na malaria. Mwalimu akiweka 0 badala ya kuacha tupu au kuweka alama ya hakufanya, 455 inagawanywa kwa 8, wastani unakuwa 56.9, mtoto anashuka hadi C na nafasi yake darasani inaporomoka. Ripoti inafika nyumbani ikisema alipata sifuri kwenye mtihani ambao siku hiyo alikuwa kitandani ametundikiwa dripu. Jambo hili linaniuma kuliko hitilafu zote, kwa sababu mtoto hana njia ya kujitetea mbele ya karatasi yenye mhuri. Kila mkichapisha matokeo, kwanza toeni orodha ya sifuri zote za shule, na mwalimu wa somo athibitishe moja moja kwamba mtoto alikaa kwenye chumba cha mtihani na kupata sifuri kweli.

Alama inaonekana 75 lakini daraja ni B. Mzazi anajua A huanzia 75 kwenye viwango vya kidato cha nne, naye yuko sahihi. Alama halisi ndani ya programu ni 74.5, kioo kimeikadiria kwenda 75, lakini daraja limekokotolewa kabla ya kukadiria. Shule iamue: kadirieni kwanza, kisha mpange daraja, na mtoa huduma aweke hivyo kwa masomo yote. Kisichofaa ni kumrekebishia mzazi mmoja aliyekuja kulalamika na kuwaacha wengine ambao hawakuona.

Divisheni imeshuka bila sababu. Divisheni ya kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo 7 yaliyofanywa vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. Mwanafunzi mwenye masomo 9, A mbili, B tatu, C tatu na D moja, anapata pointi 14 kwenye 7 bora: divisheni ya kwanza. Programu ikijumlisha yote 9 anapata 21: ya pili. Chukua karatasi, mpigie hesabu mwanafunzi mmoja mwenye masomo zaidi ya 7. Ikitofautiana na programu, umeshapata chanzo.

Kwa shule zenye msingi na sekondari pamoja: hakikisha msingi una kipimo chake. Katika mtihani wa darasa la saba kila somo lina alama 50, na 41 hadi 50 ni A. Alama 45 ikisomwa kwa kipimo cha sekondari inakuwa C. Ukiona darasa zima la wadogo limefeli ghafla, chanzo ni hiki.

Mzazi amelipa, ada haionekani

Angalia namba ya kumbukumbu aliyoandika kwenye slipu ya benki au kwenye simu. Mara nyingi ametumia ya kaka yake mtoto, au ameandika jina tu. Malipo ya namna hiyo hukaa kwenye orodha ya yasiyotambuliwa yakisubiri mhasibu. Orodha hiyo ifunguliwe kila siku, na hasa kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya ada.

Darasa zima limeruka mwaka

Kidato cha Kwanza cha mwaka jana kimeonekana Kidato cha Tatu. Watu wawili wamepandisha madarasa: mkuu wa taaluma Desemba, kisha mwenzake Januari asijue kwamba imeshafanyika. Acheni kila kazi, msiingize alama wala malipo, na rudisheni bakapu ya kabla ya kupandisha mara ya pili. Kila stakabadhi iliyoandikwa baada ya hapo itahitaji kuingizwa upya kwa mkono, ndiyo maana dakika za mwanzo zina thamani. Bakapu ambayo hamjawahi kuijaribu kuirudisha msiihesabu kuwa ipo. Ijaribuni likizo ya Juni kwenye kompyuta nyingine, mhesabu watoto na kulinganisha na rejista.

Alama zimebadilika na hakuna aliyezibadilisha

Fungua kumbukumbu ya matukio, ile inayoonyesha nani alifanya nini na lini. Ikiwa mabadiliko yote yameandikwa kwa jina moja la "admin", na walimu 12 wanalijua neno lake la siri, basi hakuna mtu atakayepatikana, na asiye na hatia atashukiwa pamoja na mwenye nayo. Kila mwalimu awe na akaunti yake, na anayehama shule akaunti yake izimwe siku hiyohiyo.

Hili linatuhusu na sisi wenye makampuni. Desemba 2024 wahalifu waliingia kwenye taarifa za kampuni ya PowerSchool, inayohudumia shule za Marekani na Kanada, kwa kutumia akaunti iliyoibwa ya lango la huduma kwa wateja. Bodi ya shule za Toronto ilieleza kwamba rekodi zilizoguswa zilianzia mwaka 1985. Watu waliomaliza shule miaka karibu 40 iliyopita taarifa zao zilikuwa zingali humo, zikifikika kwa mlango mmoja. Kampuni iliwalipa wahalifu hao ili taarifa zifutwe, na bado Mei 2025 bodi za shule zilianza kutishiwa upya. Kwa hiyo mwulize mtoa huduma wako: fundi wenu anaingiaje kwenye rekodi za watoto wetu, anahitaji uthibitisho wa pili zaidi ya neno la siri, na taarifa za waliomaliza mnazitunza kwa muda gani? Mimi huulizwa na shule chache sana, na ningefurahi kuulizwa na zote.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya wana yao ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data huko iliitoza shule faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Orodha ya matokeo yenye majina kamili na simu za wazazi, ikitupwa kwenye kundi la WhatsApp, ni hatari ya aina hiyohiyo.

Ukishindwa, unapotupigia

Tuambie jina la shule, lakini usitutumie jina la mtoto kwenye ujumbe wa kawaida; namba yake ya usajili inatosha. Tuambie ulichokiona, siku na saa ulipokiona mara ya mwisho kikiwa sawa, na kilichofanyika katikati: faili lililopakiwa, umeme uliokatika, mwalimu mpya aliyeanza kazi. Tuma ile picha ya kioo. Usitume neno lako la siri hata fundi akikuomba, na akikuomba mpigie msimamizi wake. Tueleze pia kama ni mtoto mmoja, darasa moja au shule nzima, kwa kuwa hapo ndipo tunaanzia: mmoja, tunaangalia rekodi yake, darasa, tunaangalia faili lililoingizwa, shule nzima, tunajiangalia sisi wenyewe.

Na ukitukuta tunakwambia umsajili mtoto upya ili yaishe, kataa, utupigie tena.